Mchezo ni wa Nani? Essen, Indianapolis na Baraza la Bao

Kila Oktoba, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, treni ya U11 inayotoka stesheni kuu ya Essen, Ujerumani, hujaa watu wenye mabegi matupu na vitoroli vya kukunja. Jioni watu wale wale hurudi wamepakata maboksi mpaka kidevuni. Wanatoka SPIEL, maonyesho ya michezo ya mezani yaliyoanza mwaka 1983 katika kituo cha elimu ya watu wazima cha mji huo, na ambayo mwaka 2019 yalipokea wageni 209,000. Huko hawaendi kushangilia timu. Wanaenda kukaa mezani wacheze, na marafiki waliokuja nao au na mtu yeyote waliyemkuta kitini.

Nimewahi kushinda huko kutwa nzima na marafiki: mmoja wa Mombasa, mmoja wa Tanga aliyehamia Düsseldorf, na mwenyeji wetu Mjerumani ambaye hukosa harusi lakini hakosi SPIEL. Siku ile nataka kuiweka kando ya siku nyingine mbili za kucheza na marafiki: ile ya Gen Con kule Indianapolis, Marekani, na alasiri ndefu ya bao barazani, iwe Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu. Zote tatu ni siku za furaha. Lakini kila moja imemkalisha mtu tofauti kwenye kiti cha heshima, na kwa maoni yangu tofauti nyingine zote zinaanzia hapo.

Tuanze na Essen. Milango inafunguliwa saa nne asubuhi, na kumbi ni nyingi na pana kiasi kwamba mwenyeji wetu alikuwa amechora ramani tangu nyumbani, na juu yake ameandika mabanda ya kupitia kwa mpangilio. Ramani haikudumu hata saa moja. Ukiingia tu unaona meza zimejaa, na nyuma ya kila kiti amesimama anayengoja kiti hicho. Kwa hiyo marafiki hugawana kazi: wawili wanavizia meza, mmoja anakwenda kununua kabla mzigo haujaisha, mwingine anatafuta chakula. Mkipata meza, anakuja mwelezaji.

Huyu mwelezaji anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiye anayeifanya Essen iwezekane. Aliyetuhudumia sisi alikuwa binti mwenye fulana ya kampuni na sauti iliyoanza kukauka. Hakufungua kijitabu cha sheria. Alianza na mwisho: mshindi ni nani, na anapatikanaje. Kisha akasema nini mchezaji anaweza kufanya zamu yake ikifika, mambo matatu basi. Kisha akachukua kipande cha rafiki yangu wa Tanga, akakisogeza mwenyewe, akamlipisha, akampa karata yake, akasema, haya, sasa ni wewe. Sheria ndogo ndogo alizihifadhi mpaka zilipohitajika. Katika dakika kumi watu wanne wa lugha tatu tulikuwa tunacheza kitu ambacho asubuhi ile hatukujua kama kipo. Ule ni ualimu wa kiwango cha juu, na nimewaona walimu wa darasani wachache sana wenye uwezo huo.

Tulipomaliza, kwenye banda la jirani kulikuwa na foleni ya watu wameshika maboksi. Mwisho wa foleni ameketi mtu mmoja wa makamo na kalamu nene. Ndiye mtunzi wa mchezo, na watu wanataka sahihi yake. Jambo hili lina historia. Zamani boksi la mchezo lilibeba jina la kampuni tu; aliyekesha akiubuni hakujulikana. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Nuremberg, watunzi 13 walitia sahihi kwenye kikaratasi kigumu cha kuwekea bilauri ya bia, wakaapa kwamba hawataipa kampuni yoyote kazi yao kama majina yao hayataandikwa juu ya boksi. Kiapo kikashika. Leo jina la Klaus Teuber, aliyetoa mchezo wa Catan mwaka 1995 na kufariki mwaka 2023, linajulikana kwa wacheza michezo dunia nzima kama jina la mwandishi wa riwaya. Tuzo ya Kijerumani ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, inayotolewa tangu mwaka 1979, imesaidia kujenga desturi ya familia kununua mchezo mpya kila mwaka, na magazeti ya kawaida huuandikia uhakiki.

Kwa hiyo Essen kiti cha heshima amekikalia mtunzi, na mchezo unahesabiwa kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Naipenda heshima hii. Mtu aliyetunga afahamike na alipwe. Lakini ina gharama, na gharama hiyo niliiona siku ile ile. Kazi mpya zinamiminika kwa mamia kila mwaka, na kila moja inadai ionjwe. Wahakiki wa jarida la Fairplay hukusanya alama za wachezaji na kuzibandika ubaoni, na watu husimama mbele ya orodha ile, kisha wakakimbilia banda lililopanda. Unacheza mchezo mara moja, pengine nusu yake, kwa sababu wengine wanangoja kiti. Rafiki yangu wa Mombasa, mtu aliyelelewa na bao, aliuliza swali ambalo mwenyeji wetu hakuwa nalo jibu la haraka: “Sasa huu mchezo fundi wake ni nani?” Mtunzi alikuwepo mita tano kutoka pale. Fundi hakuwepo, na hangeweza kuwepo. Mchezo ulikuwa na umri wa siku mbili.

Wajapani wamelichukulia jambo hili la kumheshimu mtunzi kwa namna yao. Game Market ya Tokyo inawapa meza watu wadogo wanaotengeneza michezo yao wenyewe kwa nakala chache. Huko ndiko Seiji Kanai alikouza Love Letter, mchezo wa karata 16 tu uliotoka mwaka 2012 na kuenea duniani kote. Mtunzi yuko palepale akiuza kwa mkono wake.

Indianapolis ni nyumba nyingine. Gen Con ilizaliwa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, na jina lake limetokana na mji huo. Mwaka 1967 Gary Gygax alialika wapenzi wa michezo ya vita nyumbani kwake. Mwaka uliofuata akakodi ukumbi wa Horticultural Hall kwa dola 50. Mwaka 1969, kwenye mkutano wa pili, alikutana hapo na Dave Arneson. Mwaka 1974 wawili hao wakatoa Dungeons & Dragons. Mfuatano huo wa miaka una maana kubwa: mkutano ulitangulia, mchezo ukafuata. Essen watu hukusanyika kwa sababu kuna michezo ya kuonyeshwa. Lake Geneva mchezo uliobadilisha dunia ya michezo ulipatikana kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika.

Na ni mchezo wa ajabu ukiufikiria vizuri. Hauna ubao wa lazima, hauna mshindi, hauna mwisho. Msimulizi mmoja anaeleza: mmefika kwenye mlango wa pango, ndani kuna harufu ya moshi, mnafanya nini? Waliokaa wanajibu, kila mmoja kwa kinywa cha mhusika aliyemvaa, na dadu la pande 20 linaamua kama walilolijaribu limewezekana. Msikilizaji wa Kiswahili hapa anasikia kitu anachokijua. Bibi akisema “Paukwa!” hawezi kuendelea mpaka tuitikie “Pakawa!” Hadithi zetu tangu zamani zimedai jibu la hadhira ili ziende. Ila bibi anajua sungura atamshindaje simba, na mtoto akijaribu kubadilisha mwisho anatulizwa. Kwenye meza ya Gen Con mwisho haujulikani hata na msimulizi. Anaweza kuandaa joka kwa wiki nzima, halafu wachezaji wakaamua kufanya naye biashara. Hapo ndipo ninapoona Wamarekani hawa wamelifikisha jambo mbali kuliko sisi: wamempa msikilizaji usukani, wakaamini kwamba hadithi haitaanguka.

Siku ya Gen Con kwa hiyo haina zile mbio za banda hadi banda, ingawa mabanda yapo na ni mengi. Mtu anakata tiketi ya meza fulani kwa saa fulani, aghalabu saa nne mfululizo, na anakaa hapo. Marafiki wanaokuja pamoja huweza kununua viti vyote vya meza moja. Mtu aliyekuja peke yake anapewa kiti na watano asiowajua, na ndani ya saa moja wanaokoana roho pangoni. Anayekaa kwenye kiti cha heshima si mtunzi. Wengi wanaocheza hawafikirii kabisa nani aliandika kitabu cha kanuni. Heshima ni ya lile kundi la mezani, kwa saa zile nne, na walilolifanya haliuziki kwa sababu halipo tena baada ya kuinuka. Wakikutana mwaka unaofuata wanaulizana, unakumbuka lile daraja?

Kuna jambo moja la Gen Con linalonigusa kuliko yote. Wageni hupewa karata za zamani za michezo, maelfu kwa maelfu, na kwa siku kadhaa wanajenga nazo mji: minara, madaraja, makasri marefu kuliko mtu, bila gundi. Mji huo unaitwa Cardhalla. Jumamosi usiku umati unauzunguka na kuubomoa kwa kuurushia sarafu mpaka karata ya mwisho iwe chini, na fedha zote zilizorushwa zinakwenda kwa wenye shida. Waliojenga wanashangilia kuliko wengine. Sidhani kuna picha bora ya imani ya mkutano ule, kwamba thamani ya kitu ilikuwa kwenye kukifanya pamoja. Mwaka 2017, mkutano ulipotimiza mara ya 50, tiketi ziliisha kabla ya siku, na wachezaji wakamwagika hadi ndani ya uwanja wa Lucas Oil, uwanja wa mpira wa Kimarekani.

Sasa bao. Naomba nikae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapojua zaidi na ndipo panaponiuma zaidi.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, safu mbili za kila mchezaji. Kete ni 64, na zilizo nzuri ni mbegu za mkomwe, ngumu, za kijivu, zinazoteleza mkononi. Mwanzoni kila upande una kete 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Nyingine 22 ziko mkononi. Kila zamu mchezaji ananamua, yaani anaingiza ubaoni, kete moja. Akiwa na cha kula lazima ale; asipokuwa nacho anatakata, yaani anapanda bila kula. Akila, kete alizoteka anaanza kuzipanda kutoka kichwani, yaani shimo la pembeni, moja moja, na ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete linalotazamana na kete za mwenzake, anakula tena. Hivyo hivyo mpaka ya mwisho iangukie shimo tupu, hapo amelala. Ikiangukia nyumba yake, ana hiari ya kusimama au kwenda safari, yaani kuzichota kete za nyumba na kuendelea kupanda. Kete za mkononi zikiisha ndipo linaanza bao la mtaji, na mambo yanakuwa mazito zaidi.

Mwangalie fundi akicheza. Hahesabu kwa kidole. Anatazama ubao, kimya, pengine anaitikia salamu ya mpita njia, kisha mkono unashuka na hausiti tena: unakula, unapanda, unazunguka, unakula, unazunguka upande wa pili, na kabla kete ya mwisho haijatua waliosimama nyuma yake wameshaguna, kwa sababu nao wameiona itakapolala. Mtafiti Alex de Voogt wa Uholanzi aliutolea umahiri huo kitabu kizima mwaka 1995, baada ya kufanya kazi na mafundi wa Zanzibar. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipenda bao na kulicheza kwao Butiama. Ndugu za bao wametapakaa: bawo la Malawi, hawalis la Oman lenye safu nne kama letu, na mchezo wa Madagaska ambao Mfaransa Étienne de Flacourt aliueleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1658.

Barazani hakuna mtunzi. Hakuna anayemuuliza. Hakuna pia kitu kipya cha kuonja. Ubao ni ule ule aliouchezea babu. Kiti cha heshima ni cha fundi, na heshima yake imepatikana kwa miaka mingi ya kufungwa na kufunga mbele ya watu. Na nyuma ya fundi wapo watazamaji, ambao Essen hawana nafasi kabisa. Anayesimama nyuma ya kiti Essen anangoja uinuke. Anayesimama nyuma ya kiti Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi, hangoji chochote. Amekuja kutazama, kubisha, kumtania aliyekula vibaya, kumkumbusha fedheha ya juzi. Marafiki kumi wanaweza kumaliza alasiri juu ya ubao mmoja, wawili tu wakicheza, na wote wakarudi nyumbani wamecheza. Hakuna ukumbi wa maonyesho duniani uliofanikiwa kulitengeneza hilo.

Lakini nani anafundishwa? Hapo baraza linanyamaza. Mtoto anajifunza kwa kusimama na kutazama, na akikaa anafungwa bila huruma mpaka apate akili. Njia hiyo imezaa mafundi wakubwa, siikatai. Imewaacha nje wengi pia. Imewaacha nje wanawake karibu wote, kwa kuwa baraza la bao ni la wanaume, na binti hawezi kusimama hapo kutwa akitazama. Nina hakika tumepoteza mafundi kwa namna hiyo, na ni hasara ambayo hakuna aliyeihesabu. Essen niliona bibi, mama na mjukuu kwenye meza moja, na mwelezaji akimgeukia mtoto kwanza. Gen Con nayo ilianza kama kundi la wanaume wa michezo ya vita, na haiko hivyo leo. Sisi bado.

Na kwa kuwa hatukuweka mwelezaji mlangoni, wengine wamejieleza wenyewe wanavyotaka. Ukiomba “mankala”, jina la jumla la ukoo wa bao, dukani Ulaya au Marekani, mara nyingi utapewa Kalah, mchezo wa safu mbili za mashimo sita uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940. Si mchezo mbaya kwa mtoto. Lakini mnunuzi anarudi nyumbani akiamini amekutana na ukoo mzima, kumbe amemuona mtoto wa kulea. Mwenyeji wetu wa Essen, mtu mwenye mamia ya maboksi nyumbani na elimu ya michezo ambayo sijaiona kwa mwingine, aliniambia mankala aliimaliza akiwa na miaka minane.

Kumbi za Essen hufungwa saa moja jioni, na siku ya kweli ya marafiki huendelea baada ya hapo. Hoteli zote za karibu zinageuka kumbi ndogo. Watu wanafungua maboksi yao sakafuni, wanasoma sheria kwa sauti, wanaagiza supu. Rafiki yangu wa Tanga alikuwa na bao garini, alilopewa na baba yake. Tukaliweka mezani juu ya michezo mipya.

Nilianza na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, kwa sababu wazee wetu walikuwa na njia yao ya kumpokea mgeni hata kama tumeacha kuitumia. Nikajaribu kufanya kama yule binti wa mchana: mwisho kwanza, kisha zamu, kisha mkono wake nikauongoza. Mwenyeji wetu akageuza ubao akitafuta jina chini yake. Nani kautunga? Nikamwambia hana jina, ila wapo watu Zanzibar ambao ningependa awaone. Akacheza. Mara ya kwanza kete zilipomzunguka kutoka upande wake hadi kwake tena na bado hazijalala, alinyanyua macho kunitazama, kisha akayarudisha ubaoni na hakuyanyanyua tena kwa muda mrefu. Watu wa meza ya jirani waliacha mchezo wao wa euro 60 wakaja kusimama nyuma yetu.

Akaomba la Kiswahili lenyewe. Nilipoanza kumwonyesha lini aende safari na lini asimame, rafiki yangu wa Mombasa alinishika mkono. “Kaka, usimfundishe hilo. Mwache afungwe kwanza, ataliona mwenyewe.” Nikamjibu kwamba tukimwacha afungwe kesho atarudi kwenye maboksi yake. Wa Tanga akasema wote wawili tunakosea, aonyeshwe mara moja tu kisha aachwe. Mwanamke mmoja wa meza ya jirani, ambaye saa moja kabla hakuwahi kuliona bao, akanyoosha kidole kwenye nyumba akasema kwa Kiingereza kwamba yeye angesimama. Tukamgeukia wote watatu kwa pamoja kumbishia, na mwenyeji wetu akatumia nafasi hiyo kwenda safari.